Amri ya Seoul, meli ya Long Beach: utambuzi wa ufilisi unaovuka mipaka

Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Majaji, mawakili wenzangu, ndugu zetu wahasibu, na wenzetu wa mabenki ambao naona mmechagua viti vya karibu na mlango: nashukuru kwa kunikaribisha. Nimepewa mada ya ufilisi unaovuka mipaka. Ni mada yenye sifa mbaya ya kulaza watu, na kwa kuwa tumetoka kula, hatari imeongezeka. Kwa hiyo naomba nianzie baharini.

Mwisho wa Agosti 2016 kampuni ya meli ya Hanjin ya Korea Kusini, iliyokuwa ikihesabiwa ya saba duniani kwa kubeba makontena, ilikwenda mahakamani Seoul kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mahakama ikaitoa. Kwa upande wa Korea mambo yakatulia: hakuna mdai aliyeruhusiwa kugusa mali ya Hanjin. Lakini mali ya kampuni ya meli haikai nyumbani. Siku ile meli zake zilikuwa zimetawanyika katika bahari zote, zimebeba mizigo iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 14 za Marekani, na manahodha wake wakaanza kuogopa bandari. Aliyeuza mafuta akakopwa, mwenye boti za kuvuta meli, mwenye gati, aliyekodisha makontena, kila mmoja angeweza kumtuma wakili kuomba meli ikamatwe mara tu itakapotia nanga. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Kule Singapore meli ya Hanjin Rome ilikuwa imeshakamatwa.

Basi meli zikabaki nje. Hanjin Greece ilisimama nje ya Long Beach, California, na shehena ambayo wenye maduka walitaka iwe rafuni kabla ya msimu wa sikukuu. Gati lilikuwapo, makuli walikuwapo, wenye mizigo walikuwa wakipiga simu usiku na mchana. Kilichokosekana ni karatasi moja tu: amri ya jaji wa Marekani inayosema kwamba ile ya mwenzake wa Seoul inaheshimiwa na huku pia.

Karatasi hiyo ilitoka New Jersey katika siku za mwanzo za Septemba, chini ya Sura ya 15 ya Sheria ya Ufilisi ya Marekani. Wadai wakazuiwa kukamata meli, Hanjin Greece ikaingia bandarini. Hapa kuna jambo dogo ambalo mimi hulipenda sana: amri peke yake haikutosha. Makuli hawapakui kwa amri ya mahakama, wanapakua kwa malipo. Ilibidi mahakama ya Seoul iidhinishe dola milioni 10 za kupakulia meli nne. Mahakama mbili, mabara mawili, kila moja ikifanya nusu ya kazi.

Na baada ya yote hayo, tarehe 17 Februari 2017, mahakama ileile ya Seoul ikaitangaza Hanjin kuwa muflisi. Utambuzi, yaani mahakama ya nchi moja kuiheshimu amri ya ufilisi ya nchi nyingine, haukuiokoa kampuni. Uliokoa mizigo ya watu.

Hoja yangu ya leo iko hapo. Ubishi mwingi ninaousikia kuhusu sheria hii unatokana na watu kuutwika utambuzi kazi isiyo yake. Wengine wanautarajia ufufue kampuni, wengine wanaogopa utawanyang'anya wadai wa nyumbani haki zao. Utambuzi hununua muda, basi. Unasimamisha mbio ili watu wakae chini, wafungue daftari, wahesabu.

Mbio zenyewe mnazijua. Mdaiwa akianza kuyumba, kila mdai anakimbilia kilicho karibu naye, kwa sababu chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ndani ya nchi moja, sheria ya ufilisi ilishaamua zamani kuzizima: mali yote inatiwa kapu moja, anateuliwa mtu mmoja wa kuisimamia, na wadai wa daraja moja wanalipwa kwa uwiano. Ni hesabu inayofanana na ya mirathi, ila warithi hapa ni wadai na hakuna anayemlilia marehemu. Shida inaanza marehemu anapokuwa ameacha kiwanda nchi moja, akaunti nchi ya pili na madeni nchi ya tatu.

Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza: kila nchi ishike kilichomo ndani ya mipaka yake na kuwalipa watu wake. Ni rahisi kulieleza, na kwenye utekelezaji linaleta wafilisi watano wanaoshindana juu ya kampuni moja, kila mmoja na bili yake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. La pili: kesi moja, sheria moja, dunia nzima. Linapendeza kwenye makongamano. Lakini linataka kila nchi ikubali sheria ya mgeni iamue mishahara ya wafanyakazi wake na kodi yake, na nchi nyingi hazijawa tayari kufika huko. Tunachotumia kimesimama katikati: kesi moja inakuwa kuu, nyingine zinaisaidia, na kila nchi inabakiza mambo machache ambayo haitayaachia.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya juzi, yaliletwa na utandawazi. Hapana. Mwaka 1763 nyumba ya biashara ya Deneufville ya Amsterdam ilisimamisha malipo. Amsterdam siku hizo ilikuwa na taasisi yenye jina la kutia simanzi, Chemba ya Mali Zilizo Ukiwa, na Januari 1764 Chemba hiyo ikawatangaza akina Deneufville kuwa wamefilisika na ikawateua wasimamizi wa mali yao. Kumbe London mdai mmoja, Ross, alishawahi. Alikuwa ameizuilia fedha ambayo mfanyabiashara wa hapo London, Solomons, alikuwa akidaiwa na akina Deneufville. Kwa sheria ya Uingereza, Ross alifuata kila hatua, na alitangulia. Hata hivyo jaji aliamua kwamba fedha iende kwa wasimamizi wa Amsterdam, iingie kapu la wote. Hapakuwa na mkataba kati ya nchi hizo mbili juu ya jambo hilo, wala sheria ya bunge iliyomwelekeza. Kesi ya Solomons na Ross inanukuliwa mpaka karne hii.

Tatizo la kutegemea moyo mwema wa jaji ni kwamba benki haiwezi kuupigia hesabu kabla ya kukopesha. Mwaka 1991 peke yake ulitosha kuwaamsha waliolala: Julai ilifungwa benki ya BCCI, iliyokuwa na matawi katika makumi ya nchi, na kabla mwaka haujaisha himaya ya magazeti na vitabu ya Robert Maxwell ikaanguka, ikiwa na mguu mmoja London na mwingine New York. Katika kesi ya Maxwell majaji wa miji hiyo miwili hawakuwa na kanuni ya pamoja ya kufuata. Waliidhinisha itifaki, makubaliano ya maandishi ya nani afanye nini na nani amjulishe nani, na kwayo wakaepuka mgongano ambao kila mtu aliutabiri. Itifaki nyingi tunazoandika leo ni wajukuu wa ile.

Ndipo Mei 1997 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, UNCITRAL, ikapitisha Sheria ya Mfano kuhusu ufilisi unaovuka mipaka. Ina ibara 32 tu. Nasisitiza kuwa hii si mkataba wa kimataifa. Nchi haiwekei saini. Inaichukua, inaifanya sheria yake kupitia bunge lake, na ina uhuru wa kupunguza au kuongeza. Marekani iliiingiza mwaka 2005, na hiyo Sura ya 15 iliyoifungulia njia Hanjin Greece ndiyo yenyewe. Uingereza ikafuata 2006, Australia 2008, Singapore 2017. Barani Afrika, Afrika Kusini iliipitisha mwaka 2000, Mauritius 2009, Uganda 2011, Kenya 2015, na nchi 17 za OHADA, jumuiya ya kuoanisha sheria za biashara Afrika, zikaipokea kwa mkupuo mmoja kupitia sheria yao ya pamoja ya 2015. Umoja wa Ulaya una njia yake, kanuni iliyoanza kutumika 2002 na kuandikwa upya 2015, ambayo utambuzi wake kati ya nchi wanachama hauhitaji hata kuombwa.

Kwa anayetumia Sheria ya Mfano, kuomba ni lazima, na hapo ndipo kazi yetu ya kila siku ilipo. Niwasimulie.

Mara ya kwanza nilipopeleka ombi la namna hii masijala, nilibeba faili nene ambalo nusu yake ilikuwa hoja za kisheria nilizojivunia. Karani hakusoma hata mstari. Alifungua kiambatisho cha kwanza, nakala ya amri ya mahakama ya kigeni iliyomteua mteja wangu kuwa mfilisi, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza: "Muhuri uko wapi, wakili?" Muhuri ulikuwapo kwenye nakala iliyothibitishwa, ila ulikuwa ule wa kukandamizwa kwenye karatasi, usio na wino, na mimi nilikuwa nimebeba kivuli. Mashine ya kudurufu haikuuona kabisa. Tukarudi. Siku tatu zikaishia kusubiri karatasi nyingine ije kwa ndege, na ndani ya siku hizo tatu mdai mmoja alikuwa amekwisha kukazia hukumu yake kwenye akaunti ya benki tuliyokuwa tunaifukuzia. Mpaka leo, nikipewa amri ya kigeni, kwanza naipapasa kwa kidole gumba.

Sheria ilikuwa upande wangu, nami sikujua kuitumia. Sheria ya Mfano inaruhusu mahakama iichukulie hati kuwa ya kweli hata kama haikupitia mihuri ya balozi na wizara. Pia inaruhusu amri ya muda kuombwa siku ileile ombi linapofunguliwa, kabla utambuzi wenyewe haujaamuliwa, kama mali iko hatarini. Ningeomba amri hiyo pale pale, akaunti isingeguswa. Kinachotakiwa kuambatishwa ni vitu vichache: uamuzi uliofungua shauri na kumteua mwakilishi, uliothibitishwa, tafsiri, ikihitajika, na taarifa ya mashauri mengine yote ya kigeni yanayomhusu mdaiwa huyo kadiri mwombaji anavyoyajua. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika, na ndiyo humtia wakili aibu mbele ya jaji pale upande wa pili unaposimama kutaja kesi ambayo yeye hakuitaja.

Hati zikikaa sawa, linabaki swali ambalo ndilo limekula wino mwingi kuliko yote: je, shauri hilo la kigeni ni kuu au si kuu? Kuu ni lile lililofunguliwa katika nchi ambako ndiko kitovu cha maslahi makuu ya mdaiwa. Lisilo kuu ni lile la nchi ambako ana kituo cha shughuli tu, mahali anapofanya biashara kwa watu na vifaa, si kwa kupita. Tofauti yake ni nzito. Shauri kuu likitambuliwa, zuio linaanza lenyewe: kesi za mdai mmojammoja zinasimama, ukazaji wa hukumu unasimama, mdaiwa hawezi kuhamisha mali. Lisilo kuu likitambuliwa, hakuna kinachoanza chenyewe. Unamwomba jaji, naye anapima.

Sheria inaanza kwa kudhani kwamba kitovu kiko mahali kampuni ilipoandikishwa. Ni dhana tu, na inaweza kuvunjwa. Mwaka 2007 mifuko miwili ya uwekezaji ya Bear Stearns, benki ya Marekani, ilifungua ufilisi visiwani Cayman, ilikoandikishwa, kisha wafilisi wake wakaenda New York kuomba watambuliwe. Hakuna aliyewapinga. Jaji akawakatalia hata hivyo. Aliona kwamba wasimamizi wa mifuko, mali zake na kazi zake za kila siku vilikuwa Marekani, na kwamba kule Cayman hapakuwa hata na kituo cha shughuli. Ombi lisilo na mpinzani likatupwa kwa sababu jaji alisoma ushahidi mwenyewe. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema, ingawa nikiwa wakili wa wafilisi wale siku hiyo nisingelala.

Ulaya walikutana na swali hilohilo katika anguko la kampuni ya maziwa ya Italia, Parmalat. Kampuni yake tanzu, Eurofood, iliandikishwa Dublin na kazi yake ilikuwa kukopa fedha kwa ajili ya kundi zima. Januari 2004 mdai wake, Bank of America, alifungua ombi la ufilisi Ireland, na mahakama ya huko ikateua mfilisi wa muda. Februari mahakama ya Parma nayo ikafungua shauri juu ya kampuni hiyohiyo, ikisema maamuzi yote yalikuwa yakitolewa Italia, kwa hiyo kitovu kiko Italia. Machi Ireland ikajibu: kitovu kiko hapa, na la Parma hatulitambui, kwa kuwa wadai hawakupewa nafasi ya haki ya kusikilizwa. Suala likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo Mei 2006 ilisema mambo mawili. Dhana ya mahali pa uandikishaji haivunjwi kwa sababu tu kampuni mama ndiyo inayoamua. Zinahitajika dalili za wazi ambazo mtu wa nje, mdai, anaweza kuziona. Na shauri kuu lililotangulia kufunguliwa lazima liheshimiwe na nchi nyingine wanachama, hata kama kilichotangulia ni kuteuliwa kwa mfilisi wa muda.

La kwanza nalikubali kwa mikono miwili. Anayekopesha anastahili kujua, siku anapokopesha, ni mlango gani atabisha mambo yakiharibika. La pili linanisumbua. Tuliziondoa mbio za wadai, tukazirudisha kama mbio za kwenda mahakamani. Kanuni ya 2015 ilijaribu kuziba sehemu ya ufa huo: kampuni iliyohamisha ofisi yake iliyoandikishwa kwenda nchi nyingine mwanachama ndani ya miezi mitatu kabla ya kuomba ufilisi haipati tena faida ya ile dhana. Anayepanga mapema bado anaweza kuhama mwezi wa nne.

Sasa nije kwa wale waliokunja nyuso, kwa sababu najua swali lenu: wadai wetu je? Mfilisi wa kigeni akitambuliwa, si atachukua mali aondoke?

Nianze na kilichoandikwa. Mahakama inayotambua haimruhusu mwakilishi wa kigeni kupeleka mali nje mpaka iridhike kwamba maslahi ya wadai wa nchi hiyo yamelindwa vya kutosha. Inaweza kuweka masharti, na inaweza kuyabadilisha baadaye. Mdai wa kigeni naye hawekwi nyuma ya foleni kwa sababu tu ni mgeni. Kuna pia ibara ya mwisho, ya 32, ambayo naipenda kwa sababu ni hesabu tupu. Tuseme mdai anadai 100, na ameshapata 5 katika ufilisi wa nchi nyingine. Akija kwenye ufilisi wa hapa, hapati kitu mpaka wadai wenzake wa daraja lake nao wafikie asilimia 5. Hakuna anayemnyang'anya alichopata. Anaambiwa tu akae, asubiri wenzake wamfikie. Haki za mwenye dhamana haziguswi na hesabu hiyo.

Pili, utambuzi haumaanishi kukubali kila kitakachofuata. Kampuni ya vioo ya Mexico, Vitro, ilitambuliwa Marekani vizuri kabisa. Lakini ilipoleta mpango wake wa kulipa madeni, mpango uliopita kwa kura za kampuni zake tanzu na ambao uliziondolea tanzu hizohizo udhamini ziliokuwa zimewapa wadai, mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2012 ilikataa kuutekeleza. Mlango ulifunguliwa, mzigo ukarudishwa. Ile kanuni ya maslahi ya umma, inayoiruhusu mahakama kukataa ombi, ambayo baadhi yenu huitegemea kama ngao, imewekwa kwa ajili ya mambo yanayokiuka misingi ya nchi waziwazi. Neno "waziwazi" liliwekwa makusudi. Haitoshi kusema sheria yao si kama yetu.

Na muda unaonunuliwa una mwisho. Benki ya Kimataifa ya Azerbaijan ilipanga upya madeni yake nyumbani, wadai wengi wakakubali, na Uingereza ikalitambua shauri hilo na kutoa zuio. Wadai wawili, benki ya Urusi ya Sberbank na kampuni ya uwekezaji ya Franklin Templeton, walishika madeni yaliyoandikwa chini ya sheria ya Uingereza, na hawakushiriki kura. Uingereza ina kanuni ya mwaka 1890, iliyotoka katika kesi ya Antony Gibbs, kwamba deni lililo chini ya sheria ya Uingereza halifutwi na ufilisi wa kigeni, isipokuwa mdai mwenyewe amejiingiza humo. Benki ya Azerbaijan ikaomba basi zuio liendelee bila kikomo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, zikakataa: zuio la muda haliwezi kugeuzwa kuwa njia ya kufuta deni kwa mlango wa nyuma. Kanuni ya Gibbs mimi naiona imezeeka vibaya, na wasomi wengi wameishambulia. Lakini katika kile mahakama ilichosema juu ya zuio, sina ugomvi nayo.

Kuwa na sheria kwenye vitabu ni jambo moja, kuwa nayo mkononi ni jingine. Afrika Kusini, niliyoitaja kati ya waliotangulia, iliongeza sharti kwamba sheria itatumika tu kwa nchi ambazo waziri atazitangaza kwenye gazeti la serikali. Sheria ikaanza kutumika Novemba 2003. Miaka ikapita bila nchi hata moja kutangazwa, na majaji wakaendelea kutumia sheria ya kale ya mahakama kana kwamba bunge halikukaa. Walijenga nyumba, wakausahau ufunguo ndani.

India ilikuwa na kisa cha kinyume. Haikuwa imeipokea Sheria ya Mfano wakati shirika la ndege la Jet Airways lilipoanguka mwaka 2019. Ndege yake moja kubwa, Boeing 777, ilikuwa imekamatwa na mdai katika uwanja wa Schiphol, na mahakama ya Uholanzi ikatangaza ufilisi. Baraza la mashauri ya kampuni la Mumbai kwanza likasema amri ya Uholanzi ni batili. Kwenye rufaa upepo ukageuka: msimamizi wa Uholanzi akaruhusiwa kushirikiana na mwenzake wa India, itifaki ikaandikwa, akawa anahudhuria mikutano ya wadai kama mtazamaji. Bila ibara, bila sura, watu wawili walioteuliwa na mahakama mbili walikubali kupeana taarifa. Ukiniuliza nichague kati ya sheria iliyofungiwa kabatini na simu inayopokelewa, nitachagua simu. Tangu 2016 majaji wa nchi kadhaa wamekuwa na mtandao wao na miongozo ya namna ya kuwasiliana, ikiwa ni pamoja na nani awepo wanapozungumza, ili wahusika wasibaki wakikisia kilichosemwa.

Nimalizie na Nortel, kwa sababu ningetaja kesi zilizofaulu tu ningekuwa nawauzia bidhaa.

Nortel, kampuni ya mitambo ya simu ya Kanada, iliomba kinga Januari 2009, siku moja, katika Kanada, Marekani na Uingereza. Ushirikiano ulikuwa wa kupigiwa mfano. Pande zote zilikubaliana kwamba kwanza tuuze kwa pamoja, fedha ziwekwe kwenye akaunti ya amana, ubishi wa mgawanyo uje baadaye. Hataza zao, yaani haki za uvumbuzi wao, peke yake ziliuzwa dola bilioni 4.5 mwaka 2011, na jumla ya mauzo ikafika kama dola bilioni 7.3. Kila nchi peke yake isingezipata fedha hizo. Halafu "baadaye" ikafika. Nani achukue kiasi gani? Hakuna sheria ya nchi yoyote iliyokuwa na jibu kwa kundi la kampuni lenye mifuko mitatu inayodai hazina moja. Mwaka 2014 majaji wawili, mmoja Toronto na mwingine Wilmington, Delaware, walisikiliza kesi moja kwa pamoja, vyumba viwili vimeunganishwa kwa video, shahidi akiwa huku na anayemhoji akiwa kule. Tarehe 12 Mei 2015 kila mmoja alitoa hukumu yake, siku moja, na zote mbili zikaelekea kwenye mgawanyo wa uwiano. Rufaa zikafuata. Suluhu ya mwisho ilipatikana Oktoba 2016.

Sheria za mfano mbili zilizofuata, ya 2018 kuhusu hukumu zinazotokana na ufilisi na ya 2019 kuhusu makundi ya kampuni, zinagusa matatizo ya aina hiyo, na nchi zilizozichukua bado ni chache mno kulinganisha na zilizochukua ile ya 1997.

Gharama za mawakili, wahasibu na washauri wa Nortel, watu wa fani zetu sisi tuliokaa humu, zilifika karibu dola bilioni 2. Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri ni wastaafu na wafanyakazi waliopoteza mafao yao ya ugonjwa. Mipango ya malipo ilianza kutekelezwa 2017, miaka minane baada ya siku ile ya Januari. Baadhi yao walikuwa wameshafariki.